Maji ya Ndoo Niliyowanyunyizia Kamba

Jambo lenyewe lilinigharimu shilingi elfu kumi na nane na mia nne: kamba kilo tatu, barafu, nauli ya mzigo, chupa nne za dripu na jogoo mmoja wa kumpelekea mgonjwa. Nimejumlisha mara mbili. Jogoo nilimpata kwa bei nzuri.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria zilipofunguliwa, Songea. Kila mwenye mtaji wa debe la mahindi alijiita mfanyabiashara, nami nilikuwa mmojawapo. Niliuza mitumba na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, mpaka jirani yangu, mwalimu wa kike aliyehamishiwa kwetu kutoka Lindi, aliponiambia kwamba kamba wa baharini anawaota.

"Wallahi dada, hata robo kilo. Huu usipa wenu unanitazama vibaya."

Nilipokwenda Dar es Salaam kufuata mitumba nikarudi na kamba wake kwenye ndoo mbili zenye maji ya bahari, zimezungushiwa magunia na maranda. Barafu zilitakiwa vipande vinne. Nilibishana na muuzaji mpaka nikapata viwili kwa bei ya kimoja na nusu, nikajiona mjanja. Kufika Makambako barafu imeyeyuka, ndoo zilikuwa zinacheza maji.

Sasa, Songea ya wakati ule kuuza haikuwa shida, shida ilikuwa kuaminika. Ukisema kitu ni cha baharini, mteja anachovya kidole, analamba, akikosa chumvi anaondoka na hela yake. Mimi nilichemsha kilo moja, nikawachemsha vizuri kabisa, nikaonja mmoja. Kapooza kama kiazi. Nikachota maji ya ile ndoo waliyosafiria wabichi, nikawanyunyizia wale waliokwisha kuiva, nikawaacha kwenye sinia kuanzia asubuhi mpaka mwalimu aliporudi kutoka shule. Tangu utoto nimeona samaki wakitiwa chumvi wasioze. Kwangu chumvi ilikuwa dawa.

Mwalimu alilamba kidole, akafumba macho. "Kwetu kabisa!" Akabeba sinia zima.

Kesho yake hakwenda shule. Nilimkuta sakafuni, amejikunja kwa msokoto wa tumbo, macho yameingia ndani, choo ni maji matupu yenye damu kidogo. Nikaomba pikapu ya jirani tukampeleka hospitali.

Mtu wa maabara pale alikuwa Mngoni mmoja mteja wangu wa mashati, aliyewahi kufanya kazi pwani.

"Kala nini?"

"Kamba wa kuchemsha. Lakini niliwatia maji yao ya ndoo, yenye chumvi."

Akaweka kalamu chini. "Dada, wanaoleta kuhara huku ni bakteria wa baharini. Moto uliwaua, maji mabichi yakawarudisha, na kwa chumvi yake umewatandikia kitanda. Hapa sina vifaa vya kuthibitisha, ila ugonjwa huu nimeuona sana kule."

"Mbona mimi nilionja na ni mzima?"

"Ulionja kabla hujawanyunyizia au baada?"

Nikamwambia kabla. Akanieleza taratibu, kama anayenionea huruma. Wengi wa jamii ile ya bakteria hawana neno, unawala na wanapita. Wabaya ni wenye silaha. Wana kitu cha kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo, kwa hiyo hata tumbo likiendesha hawachukuliwi na maji. Wakishashika, wanatoa sumu inayotoboa seli za mwili, na mwili unavuja maji na chumvi kama mtungi uliopasuka.

"Na kwenye joto la sinia lako," akasema, "chai haijapoa, mmoja keshakuwa wawili."

Nikaanza kuhesabu, saa mbili asubuhi hadi saa nane. Wawili, wanne, wanane. Nikaacha njiani. Ni hesabu pekee maishani ambayo sikutaka jibu lake.

"Atapona?"

"Tukimrudishia maji haraka kuliko anavyoyapoteza. Dripu zimetuishia, kanunue."

Muuza dawa alinitajia bei, nikalipa bila kubishana. Akabaki ameshika hela. "Mama, leo wewe ndiye unaumwa?"

Kabla ya jioni nilizika kamba waliobaki nyuma ya nyumba, kwenye shimo la kina cha kiunoni. Siku ya tatu mwalimu aliketi. Nilimpelekea mchuzi wa jogoo, nimekwisha kupanga maneno yangu ya kukiri. Akanishika mkono kabla sijaanza.

"Dada, unisamehe. Nimewaambia majirani ni sufuria langu nililowahamishia kamba, sikulifunika. Wasije wakakuharibia biashara bure."

Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Kunywa, utapoa."

Miaka mingi baadaye yule wa maabara alinisimamisha sokoni. "Dada, wale wadudu wako! Wataalamu wamegundua wana sindano pia, wanaidunga seli na kuingiza sumu moja kwa moja." Nikamwambia kwa silaha walizokuwa nazo mwanzo walikwisha kunishinda.

Mwalimu amestaafu, hakurudi Lindi, bado tunapakana ua. Kila chakula chake anakifunika na kifuniko juu ya kifuniko, na akija binti wa mtu kumtembelea humkalisha na kumsimulia alivyokaribia kujiua kwa uzembe wake mwenyewe. Mimi huwa nipo, nachambua mboga. Wiki iliyopita alimsimulia mkwe wake mpya, akalia kidogo. Sasa ana presha, na mimi sijui lipi litamuumiza zaidi, kuendelea kujilaumu au kujua kwamba ni mimi. Wewe unayesoma haya, ungekuwa mimi, ungemwambia? Na ungeanzia wapi?