Mfaransa wa Mzee

Mimi na udaku ni chanda na pete, sifichi. Marehemu nyanya yangu kule Mombasa alisema nitaingia kaburini nikiuliza nani kazikwa kando yangu. Kwa hivyo siku niliyomsikia mzee wangu akiimba, kazi zote zilisimama.

Nasema mzee wangu, lakini alikuwa mgonjwa wangu. Kila asubuhi, huku ughaibuni, nilitoka Euless kwenda Haltom City kumwogesha na kumlisha mwalimu mmoja Mkongomani aliyepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, na ulimi ukafungika. Miezi minane hakutwambia neno. Ukimuuliza wapi panauma, anakutazama tu, machozi yanamlengalenga. Sasa binti yake wa Houston alikuwa amempatia nafasi katika nyumba ya wazee karibu na kwake. Nafasi yenyewe ya mtu mmoja. Mkewe, niliyemwita Mama, angebaki na televisheni. Binti alisema atakuja Jumamosi kumchukua.

Basi Jumatatu namsugua mgongo, nasikia anaimba. Tena kwa maneno, Kifaransa kimenyooka. Nilimfunika taulo nikamkimbilia Mama jikoni.

"Ni ule Mzungu wake," akasema, wala hakuacha kukoroga sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. "Anaimbaga hivyo usiku. Daktari alisema ni kasuku tu, haina maana. Mwanangu, mimi niliolewa na wanaume wawili, na mmoja sijamuona na macho."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nikamganda Mama. Mzungu gani? Kaimba nini? Akawa ananimegea kidogo kidogo kila siku, huku akisonya. Mzee alipokuwa kijana akifundisha Bukavu, alimsikia huyo Mzungu, mwimbaji Mfaransa, redioni, na tangu hapo wanafunzi wake wote walijifunza Kifaransa kwa nyimbo zake. Mama wa Mfaransa alikuwa dobi. Wenye studio walimfukuza Mfaransa huyo, wakasema ana sauti ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Akaimba kwenye vilabu ambavyo watu walikula bila kumtazama. Nyimbo alitunga mwenyewe, na Wafaransa wakaja kumpenda hata wakawa wanalia kabla hajafungua mdomo. Alioa mara tatu. Hapo Mama akasonya zaidi.

Alhamisi nikamuuliza Mama kwa nini mtu maarufu hivyo hakuwa akihojiwa redioni.

"Angehojiwa namna gani? Alikuwa na kigugumizi. Tangu mtoto. Mama yake alimwambia, ukitaka mkate, uniimbie. Ndiyo akaanza."

Niliweka chini kijiko nilichokuwa nikimlishia mzee. Nilimtazama mzee, mzee akanitazama.

Sina sauti, wallahi, na Kifaransa sikijui. Lakini wimbo wake nilikuwa nimeushika, hasa kile kiitikio kifupi. Nikauvua maneno yake, nikauvika yangu: nataka maji, nataka maji. Mzee alinikodolea macho kama niliyepandwa na shetani. Mama alicheka hadi akakaa. Nikapandwa na hasira, nikaendelea. Ijumaa, karibu na adhuhuri, nilipokuwa nikimgongesha mkono wa kushoto gotini kufuata mdundo, akatoa neno moja kwa sauti ya wimbo: maji. Nikampa, akayanywa yote. Mama hakucheka tena. Aliniuliza kama neno moja latosha kumzuia mtu asichukuliwe.

Jumamosi binti akaja na sanduku jipya. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini alikuwa mwanamke aliyechoka, aliyeendesha gari tangu alfajiri, na alipiga magoti mbele ya babake.

"Papa, utakuwa karibu na mimi. Nitakuona kila siku. Unakubali?"

 Midomo ya mzee ilitikisika, hakuna kilichotoka.

"Mnaona?" binti akasema, akifuta macho. "Hajui hata ninasema nini. Lazima mtu aamue kwa niaba yake."

Mori ukanipanda. "Muulize kwa wimbo," nikamwambia. Akanigeukia na kunijibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba yeye ni muuguzi na anajua anachofanya.

Aliyeanza si mimi. Ni Mama. Tangu aolewe hakuwahi kuimba wimbo wa yule Mzungu, aliniapia hivyo mwenyewe. Aliketi kitandani kando ya mumewe, akamshika mkono wa kushoto, akawa anaugonga gotini na kukivumisha kile kiitikio, bila maneno. Akakirudia. Mara ya tatu mzee akaingia. Alikuwa akimtazama binti yake, si mkewe.

"Na mama yako?" akaimba. "Na mama yako? Na mama yako?"

 Binti aliweka kichwa kwenye goti la babake akalia, na mzee akaendelea kumwimbia swali lilelile hadi sauti ikamwisha.

Jioni binti aliondoka peke yake kurudi Houston. Sanduku alimwachia Mama, akatilie mablanketi.