Mabua niliyotaka kuyafukia

Leo nimeitikia salamu ya mtu ambaye hatusemeshani.

Niko shambani nyuma ya nyumba, hapa Ngulyati. Mahindi nimeshavuna, nakata mabua niyafukie shimoni yaoze, yawe mbolea.

Nikasikia salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka."

Sauti ilikuwa ya mama, nikajibu, "Mwangaluka mayu," kabla sijageuka.

Kumbe ni Mama Limbu, jirani yangu. Msimu uliopita ng'ombe wake waliingia humu wakala mahindi mabichi, na hakuja kuniomba radhi.

"Unayafukia yote?" akauliza.

"Yote. Udongo umechoka."

Akayatazama mabua.

"Ng'ombe amebaki mmoja. Wengine ukame umewamaliza. Na huyu leo ameshindwa kusimama."

Jamani, nilikuwa na maneno niliyoyaandaa mwaka mzima. Badala yake nikafunga mabua mizigo miwili.

Tukabeba mabua kichwani, mimi na yeye, hadi kwake. Ng'ombe akala akiwa amelala pale pale.

Mama Limbu akamshika shingo, akasema bila kunitazama, "Yale mahindi yako... niliona aibu kuja."

Nikamsogezea ng'ombe mabua mengine.

Nimerudi nyumbani, bado nawaza. Mwaka mzima ule, nani kati yetu alipaswa kumwendea mwenzake?