Mchanga wa Marudio Bustanini

Tarehe 9 Novemba. Tangu asubuhi joto la kubana kifua, upepo hakuna, na upande wa ziwa mawingu meusi yamesimama. Huku kwetu kila mtu anaomba mvua. Mimi leo nimeamka naomba isinyeshe. Sijui kama ni dhambi. Naandika tu ilivyokuwa.

Bustani yetu ni ya jamii, si ya mtu wala si ya serikali. Ina miti ya kivuli na mabenchi, watu wanakuja kupumzika bure, maharusi wanapiga picha. Pembeni kuna vitalu vya mboga vya sisi wanachama, na chini bondeni kuna kisima cha pampu ya mkono. Tangu mume wangu afariki, mboga ya nyumbani inatoka kwenye vitalu vyangu viwili vya pale. Mkamwana wangu ana mimba kubwa, na maji anayokunywa ni ya kisima hicho hicho.

Mwenyekiti wa zamani alizeeka, akahamia Nkome kwa binti yake anayeanika dagaa. Nisimsifu kupita kiasi: geti lilining'inia miaka na yeye anatuambia, "Tutaliona." Aliyemfuata ni mama wa makamo, mfanyabiashara, mtu mwepesi wa kutenda. Nami nilimpigia kura. Geti akalirudisha, mbuzi wakakoma kuingia, pampu ikapona. Hayo ni yake na siyafuti.

Kisha akaiona njia inayoshuka kisimani. Kila masika tuliteleza pale, hata mimi nilianguka na ndoo watu wakacheka. Shemeji yake ana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Basi kiangazi hiki akaleta malori ya marudio, ule mchanga unaobaki watu wakishakamata dhahabu kwa zebaki. Bure kabisa. Njia ikawa ngumu, nyeupe, nzuri. Kila mtu hapa anajua marudio yana dawa, ile zebaki, na kila mtu anayatumia. Sakafu ya jiko langu ni marudio. Ndiyo maana siku ile hakuna aliyepiga kelele.

Kitalu changu kilicho karibu na njia kikaanza kukauka. Cha mbali kizima. Nikajiambia labda ni jua. Lakini kando ya njia ile hata magugu hayakuota, na magugu ya huku hayamwogopi mtu.

Leo nikamfuata mwenyekiti. Nilimkuta anapaka rangi benchi.

"Shikamoo, mayu," akaniamkia. Kisukuma chake kinaishia hapo kwenye mayu, yaani mama, lakini anajitahidi.

"Marahaba. Mwenyekiti, ule mchanga tuutoe kabla ya mvua."

"Tuutoe? Malori yote yale?" Akacheka. "Mlikuwa mnateleza mkanililia. Leo mnatembea kama maharusi, mnataka tope lenu?"

"Mvua ikija itaupeleka kisimani."

"Umepima?"

Nimepima na nini? Niliishia darasa la saba. Nikataka kurudi nyumbani. Nikasema, "Sijapima. Labda nakosea. Njoo tu uone kitalu."

Akaja. Akang'oa mchicha mmoja, akatazama mizizi, akang'oa mwingine. Akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akamwita mlinzi wa bustani alete majembe na viroba.

Akampigia shemeji yake simu. Lori limekwenda Tinde, mpaka kesho. Akawapigia wanachama. Wengi walikuwa shambani, wanawahi kupanda, na nani awalaumu? Tukabaki watatu. Tulikuwa tunajaza viroba, tunavikokota hadi kwenye jukwaa la saruji wanapopigia picha maharusi, tunafunika kwa turubai. Mchanga ule ni mzito kama maiti.

Mlinzi akatupa jembe. "Tutafia hapa. Tuchimbe mtaro, maji yageukie kule."

Kule ni kwenye majaruba ya mpunga ya jirani.

"Kwa hiyo mchanga huo aule jirani?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mimi nasema tu."

Niandike ukweli: niliutamani mtaro ule. Nilishaanza kupima kwa macho pa kuuanzia. Kisha nikasema hapana, kwa sauti ndogo, nadhani hawakunisikia. Mwenyekiti alikuwa ameshasema hapana yake, akarudi kujaza kiroba.

Hatujafika hata nusu, mvua ikashuka. Haikuanza na manyunyu, ilikuja yote. Maji yakapita njiani meupe kama maji ya kuoshea mchele, yakaelekea bondeni. Mwenyekiti akasimama katikati ya njia, mikono ameipanua, anayafukuza kama ng'ombe: "Rudi! Rudi huko!" Mlinzi akacheka. Yeye naye akacheka, halafu akawa analia.

"Nilitaka tu watu wapite," akaniambia.

"Najua."

Tukashuka kisimani, maji meupe yamezunguka pampu yote. Tukaufunga mkono wa pampu kwa kamba.

"Watu wakija na ndoo niwaambie nini?" mlinzi akauliza.

"Waambie mwenyekiti ameharibu," mwenyewe akajibu.

"Waambie sisi," nikasema. "Wote tumepita juu yake."

Sijui kama nilisema vizuri. Labda nilitaka tu anyamaze kulia. Sijui pia maji ya jana yalikuwaje, wala ya juzi, na hayo ndiyo aliyokunywa mkamwana wangu.

Nyumbani nikamkuta ameegemea mlango, anatazama mvua kwa furaha. "Mama, mchicha uko wapi leo?"

"Hakuna mchicha. Wala kisimani usiende tena."

Akaniangalia, akashika tumbo. Nikashusha kapu la nsansa, majani ya kunde niliyoyachuma bustanini mwaka jana nikayakausha, kabla ya njia ile. Nikayapika kwa maji tuliyokinga kwenye bati, nikasonga ugali wa mtama. Tumekula hivyo. Yeye ameomba aongezwe, nikampa sehemu yangu.