Kapu la Mzee Mkato

Ofisini walimwita Mzee Mkato, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa kompyuta katika idara ya maji, mtu wa kioo cheusi na maandishi meupe, asiyeshika kipanya mpaka alazimishwe. Amri ndefu za kuiandikia mashine zilimchosha, hivyo kila moja aliipa mkato wake wa herufi mbili tatu. Hata salamu alizifupisha. Ukimpa shikamoo anajibu "Maraha," anaendelea na kazi.

Mkato aliouonea fahari ni wa kufuta, wa herufi mbili. Kwenye mashine za wenzake, herufi zile mbili zikifuta zimefuta. Yeye aliziandikia maana nyingine: kwake zilihamishia faili kapuni tu, ambako angeweza kulirudisha. Miaka kumi na miwili akawa anafuta kwanza, anachambua baadaye. Mazoea yana taabu.

Jumatatu moja alikuta mezani kompyuta mpya. Ya zamani, pamoja na nakala za akiba alizoziweka humo mwenyewe, ilikuwa imesafishwa na kupelekwa idara nyingine. Mafaili walimhamishia, mikato hakuna aliyeikumbuka. Akakuta rekodi za mpimaji wa visima, alizomtunzia, zimevurugika, akaamua azipange upya. Kama kawaida yake, akafuta lundo zima ili achambue kapuni.

Kapu halikuwepo; kwenye mashine mpya herufi zile zilifuta kweli. Alilitafuta hadi saa ya chakula, akijua tangu dakika ya kwanza kwamba anajidanganya.

Mpimaji alikuwa mama mtu mzima aliyeshusha utepe wa kupimia kina cha maji katika visima arobaini, kila mwezi, kwa miaka tisa. Alhamisi angeonyesha kikaoni jinsi maji yanavyozama, ili pampu kubwa zisimamishwe. Madaftari yake aliyachoma mwaka juzi, kwa ushauri wa Mzee Mkato: "Dada, karatasi za nini? Kwangu hakipotei kitu."

Alipoambiwa, alikaa kwenye kiti cha wageni.

"Nikusaidie kupima upya, dada," Mzee Mkato alisema. "Hata kesho tuanze."

"Kisima nitakipima kesho, kaka. Maji ya miaka ile nitayapima wapi?"

Mzee Mkato aliona aibu ya kumtazama, akaitazama kibodi.

Alhamisi kikao kilichukua dakika kumi. Mpimaji alisema anachokumbuka, mwenyekiti akamshukuru kwa heshima zote, na pampu mbili zaidi zikapitishwa.