Kompyuta za Watoto wa Kilwa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka napumua vizuri. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Nchelenge. Kanisa letu lilikuwa limepata kompyuta ndogo za bei nafuu kwa ajili ya shule ya Kilwa, kisiwa kilichomo ndani ya ziwa letu hili. Mimi na mwenzangu Ilunga tukapewa kazi ya kuchagua mfumo endeshi, ule unaoamsha mashine na kuendesha kila kilichomo.

Ilunga alitaka ule wa maofisini. "Batoto bakikuwa bakubwa, ku biro bataulizwa ile," alisema. Mimi niliupenda mwingine, uliotengenezwa kwa shule: mwepesi, wa bure, tena unakubali kuongezewa masomo ya lugha yoyote. Tulibishana hadi tukachoka. Kupanga ni kuchagua, lakini sisi tulikuwa tunagombana tu.

Mama Chola, mwalimu mkuu wetu, alitusikiliza huku akichambua chisense, vile vidagaa vya ziwa letu. Kisha akasema, "Kila mutu anasema ile anapenda yeye. Kule Kilwa rezo hakuna, umeme ni ya jua tu. Mujaribu kama muko kule."

Tukazima mtandao, hiyo rezo aliyoisema, tukajaribu mifumo yote miwili. Ule wa Ilunga ulijivuta, ukaomba mtandao, ukamaliza betri kabla ya saa sita. Ule mwingine ukafunguka bila kuomba kitu. Ilunga akacheka, akaketi nami kuandika hadithi za Kibemba, lugha ya watoto wale, za kuweka ndani. Kushindwa bila kinyongo nako ni kipaji, mwanangu.

Hata hivyo, boti ilipotufikisha Kilwa, mvuvi mmoja, ba Mwansa kama tunavyoita wakubwa kwa heshima, alitazama kioo cha kompyuta akakunja uso.

"Hii haiko kama ya mujini. Batoto ya Nchelenge bako na ya muzuri, sisi munatuletea mabaki?"

Wazazi wakaanza kunung'unika. Wangekataa, mashine zingerudi nasi bara siku ile ile. Nikampa tu kompyuta Chanda, binti wa ba Mwansa aliyesimama kando yake. Mtoto akabonyeza hapa na pale, akaipata hadithi ya Kibemba, akaanza kuisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari.

Ba Mwansa akanigeukia. "Nani alifundisha mashine luga yetu?"

"Ni sisi walimu, ba tata. Hii inakubali kufundishwa."

Akachuchumaa kando ya binti yake. "Soma tena," akamwambia. Ilunga akanishika bega. Jioni boti ikaturudisha bara mikono mitupu; mashine zote zilibaki Kilwa.

Basi, mwanangu, ukipewa kuwachagulia wengine, usitangulize jina la kitu, wala usitangulize mapenzi yako. Tazama kwanza mahali kitakapokaa na mkono utakaokishika, kisha ukijaribu katika hali ile ile kabla ya kukisifu. Kizuri kwa jirani huenda kikawa mzigo kwako.

Mungu akujalie kuwaona walio ng'ambo ya maji, na lile utakalowachagulia liwafae hata siku ambayo wewe hupo.