Fyuzi ya Skuta ya Baba

Nikisikia harufu ya waya unaoungua, hata ikiwa ni ya pasi ya jirani, narudi kijijini kwetu Kibimba. Narudi kwenye baraza yetu ya udongo mwekundu, miaka ile wakimbizi wa Burundi walipojaa kambi ya Lukole na milima ya Ngara ikabaki uchi, mikaratusi imeishia mekoni. Baba yangu alikuwa katekista. Padri mmoja alipohamishwa alimwachia skuta kuukuu ya rangi ya maziwa, yenye kelele kuliko mwendo, na waumini walimtania kwamba akiiwasha, kigango hakihitaji kengele. Fundi mmoja wa Lusahunga, aliyezoea umeme wa malori yaendayo Rusumo, aliifungia soketi chini ya usukani ili betri yake iendeshe redio yetu kubwa. Betri kavu, tulizoziita mawe, zilikuwa zimeadimika madukani tangu wageni waingie. Aliyekuwa nayo aliyaanika juani yapate nguvu tena, mpaka yakakataa kabisa.

Saa kumi alasiri redio ilisoma majina ya watu waliopotezana njiani. Wanawake wa kambini walipanda kilima kuja kwetu kusikiliza, na hakuna aliyekuja mikono mitupu; mmoja alileta kikombe cha unga wa njano wa mgawo, mwingine kijiti kimoja cha kuni. Majina yakisomwa, hata mwenye kikohozi alisogea mbali ili wengine wasikie. Aliyewahi kuliko wote alikuwa Spesioza, mama wa Kirundi, mwembamba, ambaye alikaa siku zote upande ule ule, kiganja chake juu ya kiti cha skuta. Mwanawe Yohana, wa miaka saba, alimponyoka mkononi watu waliposukumana kuvuka mto. Wakati wa kungoja alinifundisha kusuka vikapu, na nikikosea alifumua, tukaanza upya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hata mimi wa miaka tisa niliuona mikononi mwake.

Watu walipozidi, baba aliongeza spika ya kanisani, ili walioketi mgombani nao wasikie. Hapo ndipo fyuzi ya soketi ilipoanza kukatika. Kuifikia ulifungua skrubu nne chini ya kiti, ukapenyeza mkono kando ya betri. Vidole vya baba vilikuwa vinene mno, kwa hiyo kazi ikawa yangu, nami niliringa nayo shule nzima. Fyuzi yenyewe ilikuwa ndogo, ya ampea tano. Baba akaleta ya kumi na tano kutoka Lusahunga, akaifunga kwenye leso na kuiweka nyuma ya picha ya Bikira Maria.

“Hiyo tusiiweke mpaka nipate waya mnene,” aliniambia. “Fyuzi ndogo inakatika ili waya usiungue. Ukiweka kubwa, kitakachoungua ni waya.”

Nilielewa. Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuelewa.

Siku moja baba alikwenda mazikoni kwa miguu, akaiacha skuta kwa ajili ya redio. Majina yalikuwa hayajaanza fyuzi ilipokatika, na ndogo nyingine hatukuwa nayo. Ningeweza kuiweka ile kubwa, nikachomoa spika na kuwasogeza wanawake karibu, waya ungehimili. Lakini walikuwa wengi, wote wananitazama, na kichwa kikavimba. Nikaitoa fyuzi nyuma ya Bikira Maria, nikaipachika, spika nikaiacha palepale. Sauti ikatoka kubwa hata ng'ombe wa jirani wakageuka. Wanawake wakanipigia makofi.

Msomaji akasoma majina mengi. Kisha akasema, “Yohana, mwana wa Spesioza, wa Muyinga. Yu hai, anatunzwa...”

Redio ikakoroma, ikanyamaza. Moshi mweusi ukatoka chini ya kiti, na harufu ile ikajaa baraza. Spesioza aliishika redio kwa mikono miwili, akaitikisa kama anayemwamsha mtu. “Ari hehe?” aliuliza kwa Kirundi. Yuko wapi? Aliiuliza redio, kisha akaniuliza mimi.

Baba aliporudi hakunipiga. Alikaa chini karibu na waya ulioungua, akasema kosa ni lake, fyuzi ile hakupaswa kuileta nyumbani kabla ya waya. Heri angenipiga. Spesioza aliizunguka Lukole yote akiwauliza wenye redio. Mmoja alisikia Kibondo, mwingine Kigoma, mwingine aliapa ni ng'ambo ya ziwa. Katika ofisi ya kambi aliambiwa asubiri karatasi za ruhusa. Alisubiri wiki mbili, kisha asubuhi moja akaja na kifurushi kichwani, lori la kuelekea Kigoma linamngoja barabarani.

“Shikamoo, mama,” nilisema, nikaanza kulia.

“Marahaba, mwanangu. Usilie. Nilikuwa sijui kama yu hai. Sasa najua.”

Hatukumsikia tena. Wengine husema majuto ni mjukuu. Wangu amekwisha kuwa mtu mzima, na bado anakaa nami.

Siku hizi mikaratusi imeota upya Lukole, na bodaboda anayenipeleka sokoni ana soketi ya kuchajia simu. Nilimuuliza fyuzi yake ni ya ngapi, akacheka, akasema mama huyu ni fundi. Mwanangu anafanya kazi mbali na hunipigia kila Jumapili. Nikipokea simu namuuliza kwanza, “Uko wapi?” Salamu huja baadaye. Yeye hunicheka kwamba nimezeeka na kusahau adabu. Sijawahi kumweleza. Nangoja tu ataje mahali, kabla laini haijakatika.