Dumu Nililolipeleka Mahango

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu, ukungu umeshuka Mahango mpaka migomba imekuwa vivuli tu, nami napanda mlima juu ya bodaboda nikiwa nimekumbatia dumu la tonto, pombe yetu ya ndizi. Na pombe nilikuwa nimeshaiacha! Cheka tu, mimi mwenyewe hucheka siku hizi.

Ngoja nikueleze. Nikiwa kijana niliuza pombe Bwera, kule karibu na mpaka, na mteja wangu mkubwa nilikuwa mimi mwenyewe. Niliugua mpaka nikaogopa kufa. Wenzangu wa kikundi cha kanisani Kasese, watu walioacha kama mimi, wakanishika mkono, nami nikageukia biashara ya vitunguu. Lakini mimi ndiye Masika, binti wa kwanza, na kila Krismasi mimi ndiye niliyepeleka pombe nyumbani kwa baba. Niliona aibu kufika mikono mitupu. Nikajiambia, watakunywa wao, mimi nitakula nyama.

Basi nikapanda teksi Bwera asubuhi. Tulipita Kinyamaseke abiria wakiimba, na harufu ya ndizi ilipenya kwenye kifuniko ikanijia puani polepole, mpaka nikawa nusu macho, nusu ndotoni. Niliona kila kitu kizuri siku hiyo, hata vumbi.

Kumbe nimesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa kwetu analijua. Aliyeleta pombe huonja kwanza, mbele ya wote, ndipo wengine wanywe. Asipoonja hakuna anayeigusa, maana nani ajuaye umetia nini humo?

Nilifika kwa baba, nikaliweka dumu ndani, tukaenda wote kanisani, na tulipotoka tulikula ugali wa muhogo na nyama ya mbuzi, kisha kibuyu kikajazwa na kuwekwa magotini pangu. Hapo ndipo nilipokumbuka. Moshi wa jikoni ulikuwa unapita mlangoni taratibu, na sauti za watu nilizisikia kwa mbali, kana kwamba wako mlima wa pili. Nilikitamani kile kibuyu, mwanangu. Sikudanganyi, nilikitamani kwa mwili mzima.

"Masika, onja basi," baba akasema. "Watu nangoja."

Mikono yangu haikuinuka. Baba mdogo Bwambale, ambaye kiu ilikuwa imeshamshika, akanikazia macho. "Mbona wewe naogopa? Kwani iko na nini ndani?"

Nikionja, narudi kuwa yule mlevi wa Bwera. Nikikataa, ndugu zangu wataniona nimewaletea sumu siku ya Krismasi. Nilitaka ardhi inimeze.

"Baba," nikasema, na sauti ilinitoka ndogo, "mimi niliacha. Pombe ilikuwa naniua. Nikionja hata kidogo, narudi kule kule."

Baba alinitazama sana. Yeye mwenyewe tonto aliipenda, na wote mle ndani walijua. Akakichukua kibuyu, akairudisha pombe kwenye dumu, akafunga kifuniko.

"Mwenye kuleta hajaonja," akawaambia. "Hii hapana kunywa."

Kisha akanigeukia, na hapo nilipata yangu. "Na wewe! Nani alikuambia sisi nangoja dumu? Sisi nangoja wewe. Mwaka ingine kuja mikono tupu."

Akatoka nalo mwenyewe, akalimwaga kwenye migomba. Baba mdogo aliondoka akinung'unika kwenda kwa jirani, na wawili watatu wakamfuata. Baba alibaki. Alikunywa chai ya tangawizi akikunja uso kama mtoto anayepewa dawa, akatusimulia jinsi alivyomchumbia mama na kukimbizwa na wajomba, akaimba nyimbo ambazo sikujua anazijua. Mvua ikaja, ukungu ukaingia mpaka barazani, nasi tukasogeleana. Nilisikiliza yote nikiwa na furaha ya kulia.

Baba hakuiona Krismasi nyingine. Alituacha kabla kahawa haijaiva. Na sasa nikikaa kumkumbuka, zile Krismasi nyingine zote sizioni. Nilikuwepo, lakini nilikuwa nimelewa. Krismasi ya baba ninayo hiyo moja tu, na inaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nakusemesha, mwanangu, kwa kuwa nasikia hii ni sikukuu yako ya kwanza tangu uache. Usibebe pombe ya mtu, hata kwa heshima. Waambie wa nyumbani mapema, kabla hata sufuria haijawekwa jikoni, usingoje kukabwa mbele ya watu kama mimi. Kula ushibe, maana njaa ni mshawishi mbaya. Ukiona moyo unayumba, toka nje unipigie simu. Hata nikiwa kanisani nitapokea, mchungaji ataninunia tu. Atakayekasirika mwache akasirike. Wanaokupenda watakutafutia chai.

Mungu akulinde kwenda na kurudi. Akuketishe karibu na wale ambao hujui utakuwa nao mpaka lini, na kesho yake uamke ukikumbuka kila mmoja wao alisema nini, na alicheka vipi.